Nilipewa Cheo, Nikaendelea na Kazi ya Zamani

Tofauti ilikuwa 4,500. Kijana wa kitengo changu alikuwa ameikodolea macho karibu saa nzima: salio la leja huku, salio la taarifa ya benki kule, na katikati hiyo 4,500 iliyogoma kuondoka. Nikapita nyuma ya kiti chake, nikachungulia, nikaigawanya kichwani kwa 9, ikatoka 500 kamili. Wahasibu wanaijua hila hii: tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, shuku kwanza kwamba kuna mtu amepindua tarakimu mbili zinazofuatana. Nikanyoosha mkono, nikakichukua kipanya mkononi mwake, nikashuka na orodha ya malipo mpaka nikaikuta: 78,300 imeingizwa kama 73,800. "Hiyo hapo," nikasema, nikaenda zangu.

Nilirudi mezani kwangu kifua mbele. Ilikuwa wiki ya tatu tangu nifanywe mkuu wa kitengo chenye watu sita, na nilidhani nimetoka kuonyesha uongozi. Kumbe nilichoonyesha ni kwamba naujua usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha leja na taarifa ya benki mpaka zikubaliane, na hilo kila mtu mle ndani alikuwa analijua tayari, maana ndilo lililonipa cheo. Ile hila ya 9 hata sikumwambia. Aliijua mwaka uliofuata, na aliyemfundisha si mimi.

Nilipandishwa kwa sababu nilikuwa mwepesi wa kufunga hesabu kuliko wenzangu. Hakuna aliyeniuliza kama naweza kumfanya mtu mwingine awe mwepesi. Laurence Peter, mwalimu mzaliwa wa Kanada, aliliweka jambo hili hadharani mwaka 1969 kwa utani wenye makali: mtu hupandishwa kwa kuwa anaimudu kazi aliyonayo, hupandishwa tena, na tena, mpaka afike kwenye kiti asichokimudu, na hapo ndipo hukaa. Watu hucheka wakisikia, kisha humtafuta bosi wao kwa macho. Mimi nilipoisikia mara ya kwanza nilicheka vilevile, na sikufikiria hata kidogo kwamba huenda kuna mtu chumbani ananitafuta mimi kwa macho.

Miezi ile ya mwanzo nilikuwa wa kwanza kuingia na wa mwisho kutoka. Nilikuwa nagawa kazi asubuhi na kuirudisha kwangu mchana. Mtu akileta ripoti yenye kosa, simwiti. Naifungua, narekebisha mwenyewe, naituma. Ni haraka zaidi hivyo, nilijiambia, na kwa siku hiyo moja ni kweli. Tatizo ni kwamba mwezi unaofuata kosa lilelile linarudi, nami nalirekebisha tena, na aliyelifanya anaamini kabisa kwamba ripoti zake ni safi, kwa kuwa hajawahi kuambiwa vingine. Watu wangu sita walikuwa wanaondoka saa kumi na moja jioni. Mimi nilikuwa naondoka saa tatu usiku, nikiwa na kinyongo nao.

Mkurugenzi wa fedha aliniita siku moja. Nilidhani anataka kunisifu kwa kujituma. Aliniuliza swali moja: "Ukiugua wiki ya kufunga mwezi, nani anafunga?" Nikaanza kutaja majina, nikafika la pili nikakwama. Kila jina lilikuwa na "lakini" yake. Huyu anajua mishahara lakini hajawahi kugusa uchakavu wa mali (kuandika thamani inavyopungua kadiri mali inavyotumika), yule anaweza malipo lakini hajui ripoti ya mwisho inavyounganishwa. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Hakunishauri lolote. Alisema tu, "Basi usiugue," akarudi kwenye karatasi zake. Nimepata mafunzo mengi ya uongozi tangu siku ile, mengine ya siku tatu nzima, na hakuna lililoniuma kama hilo.

Hata hivyo kuumwa si kubadilika. Kilichonibadilisha ni ankara.

Mfumo wetu wa malipo ulikuwa na kinga dhidi ya kulipa ankara mara mbili: ukiingiza namba ya ankara ambayo mgavi huyo amekwisha kulipwa, unakataa. Ila mfumo husoma namba kama ilivyoandikwa. Ankara hiyohiyo iliingizwa mara ya kwanza ikiwa na kistari katikati ya herufi na tarakimu, na mara ya pili bila kistari. Kwa mfumo hizo ni ankara mbili. Kiasi kilikuwa kikubwa, na kililipwa chote, mara mbili. Tuligundua wiki tatu baadaye, na ikachukua muda mrefu zaidi ya huo kukubaliana na mgavi kwamba aikate kwenye ankara zake zijazo.

Nilikiita kitengo kizima. Nikauliza, kwa sauti ambayo siipendi nikiikumbuka, imewezekanaje watu sita wenye macho wasione kitu kama hiki. Kimya. Nikamgeukia yule kijana wa usuluhishi, kwa sababu ndiye aliyekuwa ameandaa orodha ile ya malipo. "Wewe hukuona?"

Akatazama meza. "Nilikuja, mkuu."

Basi. Hakuongeza neno. Na papo hapo nikakumbuka: asubuhi ya siku ya malipo alikuwa amesimama pembeni ya meza yangu na karatasi mbili mkononi. Mimi nilikuwa naandika barua pepe. Alisema, "Samahani mkuu, kuna ankara hapa naona kama…" nami, bila kuinua macho, nikamuuliza, "Usuluhishi umeisha?" Akasema bado. "Maliza kwanza." Akaondoka na karatasi zake mbili.

Sikuyasema haya mbele ya watu siku ile. Nilisema tu "sawa," nikafunga kikao, nikakaa ofisini nikiwa nimeshika kalamu isiyoandika. Nilimwomba radhi siku mbili baadaye, tukiwa wawili, na hadi leo naona nilikosea. Nilimfokea hadharani halafu nikaomba radhi faraghani. Hesabu hiyo haina urari.

Miezi michache baadaye nilipelekwa kwenye mafunzo ya wakuu wa vitengo, na mkufunzi akatusimulia ajali ya ndege ya Tenerife. Machi 27, 1977, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia katika kisiwa hicho cha Uhispania, ukungu ukiwa mzito. Watu 583 walikufa. Moja ilianza kukimbia ili iruke kabla ya kupewa ruhusa, ilhali nyingine ilikuwa bado iko mbele yake kwenye njia ileile. Mle ndani ya ndege iliyokuwa inaanza kuruka, mhandisi wa ndege alisikia mawasiliano ya redio akaingiwa na shaka. Akauliza kama ile nyingine imekwisha kutoka njiani. Rubani mkuu, mtu mwenye heshima kubwa katika shirika lake na mkufunzi wa marubani wenzake, akajibu kwa uhakika kwamba imetoka. Mhandisi hakuuliza tena.

Wenzangu darasani waliandika. Mimi niliacha kuandika. Nilikuwa namwona kijana mwenye karatasi mbili.

Mkufunzi aliendelea kueleza kilichofuata. Baada ya ajali hiyo na nyingine za aina yake, wataalamu wa usafiri wa anga walianza kukiri kwamba marubani wengi hawakosi ujuzi wa kurusha ndege. Kinachokosekana ni namna watu wa chumba kimoja wanavyosemezana. NASA iliandaa warsha juu ya suala hilo mwaka 1979, na mwaka 1981 shirika la United la Marekani likaanza kuwafundisha wafanyakazi wake wa ndege kwa pamoja. Wa chini wanafunzwa kusema shaka yao waziwazi, na wasiposikilizwa waiseme tena kwa nguvu zaidi. Wa juu wanafunzwa kuuliza na kutega sikio. Nilipenda kwamba mafunzo hayo yalikwenda pande zote mbili, kwa sababu nilikuwa nimeingia darasani nikitarajia kujifunza namna ya kuwafanya wangu wawe jasiri. Mwenye la kufanya alikuwa mimi.

Hapo ndipo tulipoanza robo saa ya Jumatatu. Kila mtu anataja kosa moja alilofanya au aliloliona wiki iliyopita, na hakuna kuulizwa "kwa nini." Ninaanza mimi. Jumatatu ya kwanza nilisema nilikuwa nimeingiza uchakavu wa mashine moja mara mbili, na ni bahati tu niliuona kabla ya ripoti kutoka. Nikasubiri. Mmoja akasema hana kosa. Wa pili akasema naye hana. Watano wote hawana, na wa sita akasema printa imeishiwa wino. Ilikuwa hivyo kwa wiki nne. Nilitaka kuacha, nilijiona kama mtu anayecheza ngoma peke yake uwanjani. Wiki ya tano dada wa mishahara akasema, polepole, kwamba alimkata mfanyakazi mmoja mkopo ambao ulikuwa umekwisha, na amekwisha mrudishia. Nikamshukuru, nikaliandika kwenye daftari, tukaendelea na mengine. Sikutoa hata ushauri. Wiki iliyofuata walisema watatu.

Lililofuata sikulitarajia. Daftari la makosa likaanza kunenepa. Mkurugenzi akaliona, akaniuliza kulikoni kitengo changu kinaharibika tangu nianze hivyo vikao. Kwa bahati njema nilikuwa nimekwisha soma habari za Amy Edmondson wa Harvard. Katika miaka ya 1990 alichunguza timu za hospitali akitegemea kukuta kwamba timu nzuri hukosea mara chache zaidi kwenye dawa. Takwimu zikamwonyesha kinyume: zile bora ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi. Alipochimba akaona kwamba hazikosei zaidi, ila zinayasema. Mwaka 1999 akachapisha makala kuhusu kile alichokiita usalama wa kisaikolojia ndani ya timu, yaani watu kuweza kusema kosa au shaka bila kuogopa kuaibishwa, na wazo hilo limesambaa tangu hapo. Nilimweleza mkurugenzi. Sidhani kama niliyaeleza vizuri, lakini alinipa muda. Wakaguzi wa nje walipokuja mwisho wa mwaka, karibu kila hoja waliyoiibua ilikuwa tayari kwenye daftari letu, na mbele yake pameandikwa tumefanya nini. Mkurugenzi hakuniuliza tena.

Kugawa kazi nako nilijifunza upya, na sitadanganya kwamba nilifurahia. Ukizoea kufunga hesabu kwa siku tano, kumtazama mtu mwingine akihangaika mpaka siku ya tisa ni mateso. Mwezi wa kwanza niliowaachia tulifunga siku ya tisa kweli, na simu za kutoka juu nilizipokea mimi. Nilichogundua ni kwamba zamani nilikuwa natupa kazi, sigawi. "Shughulikia ile ripoti" si kugawa kazi. Nikaanza kusema: ninaitaka Alhamisi saa nne asubuhi, tarakimu hizi tatu ndizo zitakazoulizwa, marekebisho ya chini ya kiasi fulani amua mwenyewe, yakizidi niite, na Jumanne mchana tukae dakika kumi nione umefika wapi. Hiyo Jumanne ndiyo siri yote. Bila hiyo ama utamwandama mtu kila saa, ama utakutana na balaa Alhamisi. Baada ya nusu mwaka tulikuwa tunafunga siku ya nne, nami sikuwa nimegusa kipanya cha mtu. (Au karibu hivyo. Nitalirudia hilo.)

Kwenye kumwambia mtu kosa lake nitapita haraka, kwa kuwa nililojifunza ni dogo ingawa nilichelewa: usimweleze mtu alivyo, mweleze kilichotokea. "Wewe hujali muda" huzaa ugomvi. "Ripoti ilikuwa ifike Jumanne saa nne, ikafika Jumatano mchana, nami nikaingia kikaoni mikono mitupu" haina mahali pa kubishia.

Lililokuwa gumu kuliko yote ni mama mmoja. Ndiye aliyenipokea kazini, akanionyesha namna ya kupanga vocha, akanifichia makosa yangu mawili makubwa ya mwaka wa kwanza. Alikuwa akiniita "mwanangu." Siku nilipopewa cheo akaanza kuniita "bosi," kwa namna ya kulivuta neno hilo kidogo mwishoni. Kazi yake aliifanya, si zaidi, si pungufu. Kwenye vikao alikuwa anatazama dirishani. Kwa karibu mwaka mzima nilimkwepa, nikiliita jambo hilo heshima.

Mwishowe nilivuta kiti nikakaa pembeni yake jioni moja wengine walipokwisha kuondoka. "Mama," nikasema, "nimekukosea nini?" Akaendelea kufunga faili zake, moja, mbili, tatu. Kisha akasema nafasi ile aliiomba yeye pia, mara mbili, na hakuna aliyemweleza kwa nini hakuipata. Halafu nikaja mimi niliyefundishwa naye, na mwaka mzima sijamuuliza chochote. "Unawauliza watoto," akasema. "Mimi huniulizi."

Sikuwa hata nafahamu kwamba aliomba. Nikamuuliza, papo hapo, angekuwa yeye angebadilisha nini. Jibu alikuwa nalo mdomoni: ile ripoti ndefu ya mchanganuo wa matumizi, inayotuchukua siku mbili kila mwezi, haisomwi na mtu. Nikabisha, ina wapokeaji kumi na mmoja. Akasema, "Usiitume mwezi huu uone." Hatukuituma. Mwezi ukapita, wa pili ukapita. Katika wapokeaji kumi na mmoja, hakuna aliyeuliza. Siku mbili za kila mwezi zilikuwa zimezikwa pale kwa miaka, na mtu pekee aliyejua alikuwa anatazama dirishani.

Sasa kuhusu kupanda. Nilikulia kwenye imani ya kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ilipotangazwa ndani nafasi ya meneja wa fedha, sikusema kitu. Niliamini kazi yangu inaonekana. Akapewa mwenzangu wa idara nyingine. Nilinuna wiki nzima kabla ya kupata ujasiri wa kwenda kuuliza. Mkurugenzi alishangaa kwa dhati: "Sikujua kama unaitaka." Huyo ni mtu niliyekuwa nakaa naye kikaoni kila wiki. Ni methali nzuri ile, ila imetungwa kwa ajili ya bidhaa zilizo wazi machoni. Kazi ya kuzuia makosa haionekani. Ukiifanya vizuri hakuna kinachotokea, na hakuna anayesifu kutotokea kwa jambo.

Nikamuuliza nimepungukiwa nini. Alitaja kitu ambacho kisingenijia kamwe: wakuu wa mauzo na uzalishaji hawanielewi. Naingia kikaoni nasema mtaji wa uendeshaji, malimbikizo, madai yaliyochakaa, wao wanaitikia kwa kichwa na kutoka bila kuelewa. Ilinichoma, kisha nikaanza kulifanyia kazi. Kikao kilichofuata mkuu wa mauzo aliuliza, kama alivyokuwa akiuliza kila mara, kwa nini tunakataa matumizi yake wakati ripoti inaonyesha faida. Badala ya kumtajia kanuni nilimwambia: umemuuzia mteja leo, faida nimeiandika leo, lakini yeye atalipa baada ya siku 90, na aliyetuuzia malighafi anataka chake baada ya siku 30. Hizo siku 60 za katikati tunaishi kwa fedha ya nani? Akanyamaza, akaandika kwenye karatasi yake 90 na 30, akachora mstari kati yake. Mwezi uliofuata alikuja mwenyewe na orodha ya wateja anaotaka kuwabana walipe mapema.

Nikaanza pia daftari la pili, la kwangu, la kila Ijumaa: nimefanya nini wiki hii na kimebadilisha nini, kwa tarakimu. Mistari mitatu tu. Niliona kama kujipigia debe mpaka nafasi ilipotangazwa tena, nikaitwa kwenye usaili, nikaulizwa nimefanya nini kwa miaka miwili. Kumbukumbu hukupa mambo ya mwezi uliopita tu. Daftari lilinipa siku ya tisa na siku ya nne, siku mbili za ripoti isiyosomwa, na hoja za wakaguzi. Baadaye niliambiwa kwamba mkuu wa mauzo alinisemea kwenye kikao ambacho mimi sikuwemo. Nilikuwa na washauri wengi kabla ya hapo, watu wa kuniambia nifanye hivi na vile. Wa kunisemea nikiwa sipo sikuwa naye, na nisingeweza kumpata kwa kujifungia na leja.

Nafasi niliipata. Yule mama nilimpendekeza akaimu kitengo. Alikiongoza kwa mwaka mmoja na nusu hadi alipostaafu, na kwa kweli alikiongoza vizuri kuliko mimi. Aliporudi kuniita "mwanangu" sikumbuki ilikuwa lini. Nilishtukia tu limerudi. Kijana wa karatasi mbili ndiye mkuu wa kitengo hicho sasa.

Juzi nilipita kwenye meza ya mhasibu mpya, nikaona fomula imekosewa kwenye laha yake, safu nzima imejumlishwa pamoja na jumla ndogo zake. Kabla sijafikiri mkono ulikwisha fika kwenye kipanya. Binti akaniachia nafasi, akasogeza kiti nyuma, kama watu wanavyofanya bosi anapokuja. Mkuu wake alikuwa meza ya pili. Hakusema kitu, alikohoa tu. Nikakiachia.